Amri Niliyoiita Mwanaidi

Mwanangu Mwanaidi,

Sikuulizi hali, maana hali yako naisikia. Uko hapo uani unacheka na wadogo zako, mnagombania nani akalie begi ili zipu ifunge. Umeme wa mgawo umekatika tena, nimewasha kandili na kujifungia chumbani, nawe umeshapita mlangoni kuniuliza kama nimemaliza barua ya mama yako mdogo. Nimekujibu bado. Nimekudanganya, mwanangu. Hakuna barua ya Rehema. Ninayemwandikia ni wewe, uliye hatua chache kutoka hapa nilipo, kwa sababu nina jambo ambalo mdomo wangu umelikataa wiki nzima.

Nalisema mwanzoni kabisa, nisije nikazunguka mpaka kandili likaishiwa mafuta. Kesho unakwenda Tanga kuanza kazi katika tawi la shirika letu. Utakaa kwa Rehema, mdogo wangu, ambaye ni karani wa tawi hilo hilo. Ndani ya begi lako, katikati ya kanga, umeweka disketi niliyokupa. Kilichomo katika disketi hiyo kikishaanza kufanya kazi kwenye kompyuta ya Tanga, Rehema hatakuwa na kazi. Wewe hujui. Yeye hajui. Mimi ninajua, na nimekusaidia kukunja nguo.

Basi usitegemee humu maagizo ya mama. Mambo ya kufua, ya kupika, ya mabaharia na maneno yao matamu, nakuachia mwenyewe, akili unayo. Mimi akili yangu imenifikisha hapa, na hapa si pazuri.

Wewe umepata akili ukanikuta taipisti. Unaijua ofisi ya Barabara ya Pugu, lakini hukuiona ilivyokuwa kabla ya kompyuta. Shirika lilikuwa likisambaza saruji, mabati na majembe mikoani, na mwisho wa mwezi kwetu ulikuwa kama msiba. Kila tawi lilisoma hesabu zake kwa simu ya upepo, nasi wanawake wa chumba kile tukiandika kwa penseli, tunajumlisha, tunapiga taipu, tunakata stensi, tunakosea, tunapaka ile dawa nyekundu ya kufutia, tunaanza upya. Nilikuwa narudi hapa Mtoni wewe umekwisha lala, vidole vimenivimba hata kusonga ugali siwezi. Marehemu baba yako alikuwa akinisongea yeye, kisha anafunga dirisha ili majirani wasimwone.

Karani wa Tanga alikuwa Rehema. Msimamizi wa simu alikataza habari za nyumbani, akisema chombo ni cha serikali. Lakini sisi watoto wa Kimbiji hatukushindwa.

"Tanga hapa. Mabati bando arobaini. Dada, yule mtoto kaacha kuharisha? Ova."

"Nimepata bando arobaini. Kaacha, alhamdulillahi. Saruji je? Ova."

Mtoto mwenyewe wewe. Mimba za Rehema, ugomvi wake na mawifi, vifo vya jamaa, vyote vilinifikia katikati ya saruji na majembe. Wenzangu wakaizoea sauti yake hata asiposikika wananiuliza, vipi, Tanga kuna nini leo? Sikujua kama ile ndiyo ilikuwa njia yetu ya kuwa ndugu. Niliiona kero ya kazi tu, maana upepo ulikuwa mbaya na ilibidi kupiga kelele mpaka koo linakauka.

Kompyuta ilipokuja iliwekwa chumba chenye kiyoyozi, ikafunikwa kitambaa kilichodariziwa na mke wa Meneja, na sisi tukaambiwa tuvue viatu mlangoni. Wenzangu waliiogopa. Mimi, unanijua, nilikuwa wa kwanza kuacha viatu. Akaletwa Shirima, kijana wa Moshi aliyesomea mambo hayo, mpole, anayesema nawe huku anaangalia kibodi. Alinifundisha kwamba ukiwasha unapata kioo cheusi na kialama kinachopepesa kikingoja useme. Unaandika amri, unabonyeza Enta, inatii. Unaandika nyingine, inatii. Haikuulizi unatoka wapi wala ulisoma mpaka darasa la ngapi. Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kupokea amri, na sasa nimepewa kitu cha kukiamuru.

Nikagundua kila mwezi naandika amri zile zile, kwa mpangilio ule ule. Fungua hesabu za Lindi, panga, jumlisha. Fungua za Morogoro, panga, jumlisha. Linganisha na mwezi uliopita, peleka kwenye programu ya kuandikia, chapa nakala ya kila mkuu. Shirima akanionyesha kwamba naweza kuziandika amri zote ndani ya faili moja, moja chini ya nyingine, kama unavyompa mtoto maagizo ya dukani kabla hajatoka mlangoni. Kisha nikaliita faili kwa jina, nayo kompyuta ikazifuata yenyewe mpaka ya mwisho. Nililihangaikia faili lile miezi. Nilikuwa naliota. Likikwama nalirekebisha, likikwama tena narekebisha, na Shirima akaacha kunisaidia kwa sababu nilishamzidi katika kazi ile moja.

Lilihitaji jina. Kompyuta ile haikubali jina la faili lenye herufi zaidi ya nane, nami nikahesabu kwa vidole jina lako, likaenea barabara. Nikaliita Mwanaidi.

Siku lilipokubali toka mwanzo hadi mwisho, niliandika jina lako, nikabonyeza Enta, nikaenda kumimina chai. Niliporudi printa ilikuwa inalia kama cherehani ya fundi siku mbili kabla ya Idi, karatasi zinajikunja sakafuni zenyewe, na ripoti ya nchi nzima inatoka bila mkono wa mtu. Nikakaa na kikombe changu nikiangalia. Nilikuwa na furaha kuliko siku niliyoolewa, na baba yako anisamehe huko aliko. Ndiyo maana Jumamosi nilianza kukuleta ukiwa kidato cha tatu, ukaacha viatu vyako karibu na vyangu, ukaanza kuandika amri zako. Nilitaka uone mama yako anaweza nini.

Sasa nije kwenye mdomo wangu.

Ilipotangazwa kwamba shirika litauzwa, walikuja wageni kulikagua. Meneja aliwapitisha maghala yaliyojaa panya, magari yasiyo na tairi, wanakunja nyuso. Alipoona aibu imezidi akawaleta kwetu. "Bi Zaina, hebu waonyeshe ile kitu yako." Nikaandika jina lako, printa ikaanza. Nyuso zikakunjuka. Mmoja wao, mtu mstaarabu, hana makuu, akaniuliza, "Zamani kazi hii mlikuwa mnaifanya wangapi, mama?"

Nikasema, "Sie wote humu ndani."

Ningeishia hapo, Mwanaidi. Wallahi ningeishia hapo, yangekuwa makosa ya kawaida. Lakini alikuwa ananitazama kwa heshima, na mimi sikuwahi kutazamwa hivyo na mtu wa suti. Nikaongeza. "Na hata wale wa mikoani wanaotujumlishia kabla hawajaleta, siku hizi kwa kweli wanajichosha bure. Hii inajumlisha yenyewe. Wakileta namba mbichi inatosha."

Hakuna aliyeniuliza habari za mikoani. Naapa hakuna. Yule bwana akasema, "Vizuri sana, mama," wakatoka, na mimi nikabaki nimejaa kama mkate uliowekwa hamira. Jioni yake nilikuletea chipsi kuku. Ulikula ukifurahi, hukuuliza sababu.

Baada ya shirika kuuzwa ikaja redandansi, watu wakapunguzwa kazini. Unajua ilivyokuja kwa wenzangu. Uliwaona walivyoacha kupita hapa nyumbani. Hukujua kwa nini Mama Tabu, aliyekaa meza ya jirani na yangu tangu tuwe wasichana, akawa anavuka barabara akiniona. Siku moja nilimfuata pale anapouza vitumbua sokoni Tandika. Nikasema, Mama Tabu, mashine zingekuja tu, hata nisingekuwepo mie. Hakuinua macho kwenye karai.

"Mie mashine silalamiki," akasema. "Ingekuja, kweli. Mie nakulalamikia wewe. Ulikuwaga unaona. Wale watu walivyokuja, ulijua wanatafuta nini. Ungenambia siku ile ile, 'Mama Tabu, shoga yangu, jishike,' hivi vitumbua ningevianza nikiwa bado na mshahara. Ningekuwa na jiko la maana sasa hivi. Wewe ulinyamaza ukawa unanipa tu chai."

Kisha akanifungia vitumbua kwenye gazeti, akakataa hela. Nilivila njiani vikiwa vya moto, vikaniunguza, nikaendelea kuvila.

Niliondoka pale nimeamua. Kesho yake nikawahi ofisini kabla ya wote, nikavua viatu, nikawasha, nikaandika amri ya kufuta na jina lako mbele yake. Nikabonyeza Enta, na kazi yangu ya miezi yote ile ikapotea kwa muda wa kupepesa jicho. Nikakaa nikingoja kusikia raha. Shirima akaingia, akataka kuendesha ripoti, akakuta hakuna kitu. Akanitazama, safari hii mimi si kibodi.

"Mama, umeifuta kwa bahati mbaya?"

"Ndiyo, baba. Mkono uliteleza."

"Usijali mama. Nina kopi."

Akatoa disketi mfukoni mwa shati, akairudisha. Hata chai ilikuwa haijapoa. Hakumwambia mtu, na mpaka leo sijui kama aliniamini au alinisitiri. Lakini siku ile nilielewa kwamba lile faili si langu tena. Nililizaa mimi, likaenda kwa wenye nguvu, na hao hawakosi kopi. Moja ndiyo hiyo iliyo katika begi lako.

Ilipofika zamu yangu mwenyewe ya kuambiwa nitoke, mwisho wa mwezi huu, sikulia. Wewe ndiye uliyelia. Ulisema, "Mama, si wewe uliyewatengenezea?" Nikakwambia ndiyo maana, wameshapata walichotaka. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nikacheka, ukanuna kwa sababu nilicheka. Nilicheka kwa sababu nilidhani sasa tumelipa. Nilidhani deni la kunyamaza kwangu limeishia kwangu.

Wiki hiyo hiyo Shirima akanijia. "Mama, Mwanaidi amepata ile nafasi ya Tanga aliyoiomba." Nilipiga kigelegele humo humo kwenye chumba cha kiyoyozi. Wadogo zako wana shule, kodi ya nyumba haingoji, na Mungu kafungua mlango upande wa Tanga, kwa ndugu yangu wa tumbo moja! Nikamuuliza, "Kwa hiyo pale watakuwa yeye na Rehema?"

Akaiangalia printa.

"Mama, mikoani atabaki mtu mmoja mmoja. Wa kuingiza namba tu. Tanga atabaki Mwanaidi."

"Na nikimfundisha Rehema hiyo kazi? Si ngumu. Nikimfundisha mimi mwenyewe?"

"Wanataka vijana, mama. Mwanaidi asipokwenda wana mwingine tayari. Ila usiseme kwanza, tafadhali. Barua zao zitatoka mwezi ujao."

Maneno ya yule bwana wa suti hayakupotea, unaona. Wakileta namba mbichi inatosha. Niliyasema mimi, kwa Kiswahili safi, bila kuulizwa.

Toka siku hiyo sijalala vizuri. Najiambia, asipokwenda Mwanaidi atakwenda mwingine na Rehema atatoka vilevile, sasa kwa nini tukose yote mawili? Ni kweli. Nimeipindua kila upande na ni kweli, na haijanisaidia hata siku moja. Nikiitia chumvi ya msemo wa mkono mtupu haulambwi, bado hainishuki kooni. Nimeomba. Nimekaa juu ya mkeka baada ya sala mpaka miguu ikafa ganzi, nikimwomba Mungu anipe njia ambayo hakuna mtu wangu anayeumia ndani yake. Sikupewa. Labda haipo. Ninaogopa, Mwanaidi. Ninaogopa njaa ndani ya nyumba hii, na ninaogopa uso wa Rehema, na sijui kipi nakiogopa zaidi, na hilo lenyewe linanitisha.

Kisha Rehema akapiga simu ofisini. Sauti yake sikuwa nimeisikia muda mrefu, maana toka disketi za mikoani zianze kuja kwa basi hakuna tena kusomeana hesabu. Mie nilisema tumepata nafuu ya koo. Alikuwa anapiga kelele vile vile kana kwamba bado tuko kwenye upepo.

"Dada! Nimesikia mwanangu anakuja! Asithubutu kupanga chumba, namwambia kabisa, asinitie aibu mjini kwangu. Nimeshamtolea watoto kwenye chumba cha uani, nimepaka chokaa. Na wenzangu hapa nimewaambia, jamani, sasa na sie tumepata mtu wetu kwenye kompyuta. Hatuguswi tena. Si ndiyo, dada?"

Shirima alikuwa nyuma yangu. Nikasema, "Haya, mdogo wangu."

Basi. Hayo ndiyo niliyoweza. Wenzake aliowatuliza kwa jina lako nao watatoka, na yeye ndiye aliyewaambia watulie. Hatakuwa amepoteza kazi tu. Atakuwa amewadanganya watu kwa ajili yangu, bila kujua, na kikulacho ki nguoni mwake, kinalala chumba alichokipaka chokaa.

Ngoja nikwambie Rehema ni nani, maana wewe unamjua mama mdogo wa sikukuu, wa halua na vicheko. Ulipozaliwa nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea uhazili, na mwenye chuo akasema wenye vichanga hapokei. Mama yetu alikuwa ameshakufa. Rehema alikuwa ndiyo kwanza amemaliza darasa la saba, na walimu walimtaka aendelee, alikuwa na akili ya hesabu kuliko mimi, kuliko wewe hata. Akaja toka Kimbiji na kifurushi chake, akakuchukua mikononi, akasema, "Nenda dada, huyu nitamlea mie." Nikaenda. Sikumuuliza mara ya pili, niliogopa asije akabadilisha. Alikubeba mgongoni mpaka ulipoanza kutembea, na ulikuwa unamwita yeye mama. Mimi ulikuwa unaniita yule. "Yule kaja." Alikuwa anakuchapa kidogo kwenye midomo, "Sema mama," kisha anageuka anacheka. Ile kazi ya Tanga nilimtafutia alipoolewa huko, na nilijisifu kwa miaka kwamba nimemlipa.

Akili yake ya hesabu ndiyo iliyokuwa inajumlisha tawi zima la Tanga kichwani kabla penseli haijagusa karatasi. Ndiyo hiyo niliyoiambia ile suti kwamba inajichosha bure.

Sasa nikwambie na hili, ndiyo ubaya wa mwisho nilionao, kisha nimalize. Nilipanga nikukabidhi barua hii kesho stendi, nimeifunga, nikwambie usiifungue mpaka basi lipite Segera. Niliona ni busara. Ungekuwa umeshafika mbali, kurudi ni taabu, ungelia kidogo ukafuta uso, ukafika. Nimeandika mpaka hapa nikiwa na nia hiyo. Ila nilipofika kwa Mama Tabu na karai lake, kalamu ikawa nzito. Ulinyamaza ukawa unanipa tu chai. Na mimi nakufungia chapati za njiani! Nataka ujue jambo ukiwa huna tena mlango wa kutokea, kama wao walivyojua wakiwa hawana. Ningekufanya wewe karani mwingine.

Sina hekima ya kukupa, mwanangu. Ningekuwa nayo ningeitumia. Ninachojua ni kidogo tu. Nguvu ya kuandika neno moja na kitu kikubwa kikatendeka ni tamu, wewe umeshaionja, nimekuona Jumamosi unavyotabasamu ukibonyeza. Sikukatazi utamu huo. Mimi hata sasa, na yote haya, nikiisikia printa inaanza yenyewe moyo unaruka. Lakini atakuja mtu mstaarabu akuulize faili lako linaweza nini. Mimi nilimjibu nikiwa nawaza jinsi anavyoniona. Sikuwaza mtu mwingine hata mmoja, na ndugu yangu alikuwa ndani ya jibu lile. Sikwambii useme uongo. Sijui ningesema nini, nimejaribu majibu mengi na yote yana kasoro. Najua tu kwamba yule wa meza ya jirani alistahili kuambiwa jioni ile ile.

Nitakuita sasa hivi. Wadogo zako nitawatuma kwa jirani wakachote maji, wakae huko kidogo. Utasoma mbele yangu, nami nitakaa kitandani niangalie ukuta. Ukitaka kunisema, nisemee humu ndani, usiwasubiri watoto warudi. Ukitaka kutokwenda Tanga, begi nitalifungua mimi, na tutajua la kufanya na mwezi ujao, au hatutajua. Shirima nitamjibu mimi. Sitakulaumu, wala sitakuhesabia chakula.

Ukitaka kwenda, hutakwenda peke yako. Nimeamua sasa hivi, kalamu iko mkononi, na kama ningelifikiri zaidi ningeogopa. Kesho sifiki ofisini, wataniongeza adhabu gani? Nauli yangu ipo. Tutapanda basi moja. Barua zao bado hazijatoka, Rehema ana mwezi mzima wa mshahara wa kujishikia, na jambo hili atalisikia kwangu mimi dada yake, si kwa karatasi. Na yeye ataamua kama atawaambia wenzake. Nadhani atawaambia kabla hatujamaliza kukaa.

Tukifika nitaingia mimi kwanza. Wewe utabaki nje na begi lako. Utamsikia akinipokea kwa kelele zake zile, akiuliza uko wapi. Kisha utasikia kimya. Usiingie. Ukisikia analia, usiingie. Ukisikia mimi nalia, ndiyo kabisa, usije kunitetea. Akitoka mwenyewe mlangoni akakuita, nenda ukamshike miguu.

Asipotoka, ukae hapo hapo uningoje, hata jua lizame. Nitatoka mimi. Na nikitoka unishike mkono unirudishe stendi, maana sitakuwa nikiiona njia.

Mama yako.